Anayeonja Kwanza

Mimi sipendi kusema watu, lakini wifi yangu Kristina nitamsema, kwa sababu mwenyewe ameniruhusu, na hata asingeniruhusu ningemsema tu. Wifi ni wifi. Ameolewa na kaka yangu Antipasi, viwanja vyetu vinatazamana hapa Mwankoko, na tangu aje kwenye ukoo wetu hakuna jambo lake ambalo mimi Editha sikulitia mdomo.

Nianze na mwili, maana maneno yote haya ni ya mwili. Kristina alikuwa mnene. Mimi ni mnene kumzidi, tena mbali, lakini mimi na unene wangu tunaelewana, tunaamka pamoja na tunalala pamoja. Kristina alikuwa hapatani na wake. Magoti yalikuwa yanamuuma kweli, usiku anayakanda kwa maji ya moto. Halafu siku moja, kwenye sherehe ya kipaimara, kiti cha plastiki kikamvunjikia mbele ya umoja wa wanawake wote wa kanisa, na yeye ndiye katibu wao. Akanyanyuka, akajipangusa, akacheka pamoja nao. Alipofika nyumbani alilia mpaka kaka akaja kunigongea mlango, hajui afanye nini.

Baada ya hapo ndipo akaanza kupungua. Mwanzoni taratibu, halafu mbio mbio. Mashavu yakaondoka, shingo ikaonekana, kitenge kikawa kinazunguka mwilini mara mbili. Wanawake wa umoja wakamzingira, Mama Gasto tuambie siri. Naye bila hata aibu akasimama mbele yao akasema, "Ni nidhamu, kina mama. Maji ya limao asubuhi, kutembea jioni, na kuuheshimu mdomo wako."

Kuuheshimu mdomo! Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nikakohoa mpaka watu wakageuka. Kristina ninayemjua mimi alikuwa akipewa paja la kuku anauliza la pili liko wapi. Na asivyokuwa na haya, jioni yake akanikuta kibarazani na chapati zangu za kuuza, akasimama na huo mkao mpya, akaniambia, "Wifi, hiyo shingo yako umeiweka wapi? Jitahidi na wewe, jamani."

"Shingo nimemwazima jirani," nikamwambia. "Pita, unanizibia wateja."

Siri yake niliikuta kwenye friji. Nilikwenda kuchukua maji ya baridi kama ninavyochukua siku zote, nikasogeza kabichi, chini yake nikaona boksi. Ndani kuna vitu kama kalamu nene. Nikajiuliza ni nani tena anayeweka kalamu kwenye friji. Nikavuta kifuniko, nikaona mahali pa kuchomeka sindano. Nikapiga kelele, "Wifi! Una sukari na hujaniambia?"

Alikuja mbio, akafunga mlango wa jikoni, akaniziba mdomo kwa mkono wenye sabuni. Sukari hakuwa nayo. Akanieleza kwa kunong'ona kwamba ile ni dawa ya wagonjwa wa sukari, ila madaktari wanawapa pia watu wenye uzito mkubwa. Inaiga homoni ya tumboni, ile inayopeleka taarifa kwenye ubongo kwamba mwenye mwili ameshiba. Ukijichoma mara moja kwa wiki, unakula vijiko viwili unajiona umemaliza sikukuu nzima. Nikamuuliza ni daktari gani aliyempa. Akaangalia kabichi. Aliinunua kwa dada mmoja anayeuza kwenye simu, hakupimwa hata presha.

"Editha, uniapie kwa marehemu mama kwamba husemi."

Marehemu mama ni mama yangu mimi, kwake ni mama mkwe, na alijua kabisa hapo amenifunga. Nikaapa. Kuapa ni rahisi kama hujui kinachokuja.

Basi nikawa nashuhudia peke yangu. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kabla ya kilio kulikuwa na mbeuo. Mungu wangu, ule mbeuo! Mtu amekaa ametulia, amevaa vizuri, ghafla anabeua, chumba kizima kinanuka mayai viza. Kanisani alikuwa anageukia dirisha. Choo nacho kikamgomea, akawa anakwenda na kitabu cha nyimbo na kurudi nacho bila habari njema. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, na uso ulipungua haraka kuliko ngozi yake, nikamwambia, "Wifi, magoti yamekuwa ya msichana lakini mashavu yamekuwa ya mama yako." Alinirushia upawa. Na ni kweli, magoti yalipona, hilo siwezi kumnyima. Alikuwa anapanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta, na mara ya kwanza nilipomwona nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, ila sikumwambia.

Aliyeteseka kuliko wote ni kaka yangu. Antipasi ana mashine ya kukamua alizeti. Hapa Singida mtu mwenye mashine ya alizeti ni mtu wa kuheshimika, nyumba yake haikosi mafuta wala mashudu ya mifugo. Lakini Kristina sasa harufu ya alizeti ilikuwa inampindua tumbo. Kaka akirudi kutoka mashineni, mkewe anaziba pua anakimbilia nyuma ya nyumba. Maskini kaka yangu akawa anaogea uani kwa sabuni ya kufulia, anajinusa makwapa, anaogea tena. Jioni moja alikuja kukaa kwangu, akasema, "Dada, nadhani mwenzangu amenichoka." Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikamkumbuka marehemu mama, nikampa chapati.

Katikati ya mambo hayo, Gasto, mtoto wao wa kwanza, akaleta habari za kuoa. Msichana anaitwa Dina, fundi cherehani, kwao Ihanja, mtoto mtulivu anayekuangalia usoni anapokusalimia. Gasto alimpenda mpaka akawa anasahau kufunga mifuko ya mashudu. Mahari ikazungumzwa, ikaeleweka. Kilichobaki ni watu wa binti kuja kuiona nyumba ambayo mtoto wao ataingia. Wanakuja, wanakaribishwa, wanakula, wanasema ndiyo au wanasema tutafikiri. Na kila mtu anajua tutafikiri maana yake nini.

Mshenga akatuonya mapema. Kwenye ukoo ule mwenye neno ni bibi yake Dina, Bibi Anastasia. Kaka yake bibi, ujanani, alikwenda kunywa pombe ugenini akarudi amebebwa, ametiliwa sumu. Tangu siku ile bibi hali chakula cha nyumba ngeni mpaka mama wa nyumba aonje kwanza, mbele yake, ameze, yeye aone. "Bibi asipokula," mshenga akasema, "hakuna ndoa. Msije mkasema sikuwaambia."

Nikamfuata Kristina jikoni. "Wifi, wiki hii usijichome hiyo kitu."

"Kuonja ni tonge moja tu, Editha."

"Juzi harufu tu ya kitunguu ilikukimbiza."

"Nitajikaza. Lile gauni nimelipunguza, na mgongoni bado linabana kidogo."

Nilidhani amenisikia kidogo. Thubutu! Nilikuja kujua baadaye kwamba wiki ile si tu kwamba alijichoma, aliongeza na kipimo, kwa sababu ya gauni. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi.

Wageni wakaja Jumamosi mchana, na Noah ya kukodi. Mzee Mathayo, baba yake Dina, mkulima mrefu mwenye kofia ambayo haivui, akatangulia. Shangazi wawili wakafuata, halafu mshenga, halafu akashushwa Bibi Anastasia, mdogo, mkavu, na macho yanayohesabu mpaka kuku wa uani. Dina mwenyewe alibaki Ihanja, ndiyo heshima. Shikamoo zikazunguka sebule nzima. Nilipopiga goti kumsalimia bibi, akanishika mkono, akaubinya kama anayenunua, akasema, "Marahaba. Wewe ndiye mama wa bwana harusi?"

"Hapana bibi, mimi ni shangazi yake. Mama yake ni yule."

Akamtazama Kristina juu mpaka chini. Kristina alikuwa amependeza, nisiseme uongo, gauni limekaa kama limechorwa. Lakini alikuwa na rangi ya majivu, na kijasho kwenye mdomo wa juu.

Chakula nilipika mimi tangu alfajiri, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa hawezi kukaa karibu na sufuria. Jogoo wawili wa kienyeji, ugali wa uwele, mlenda, wali kwa ajili ya watu wa mjini, maziwa mgando. Kuku nilimkaanga kwa alizeti ya kaka, ile ya kwanza kutoka mashineni, yenye rangi na harufu yake yote. Ulitaka nimkaange kwa nini, kwa maji? Nilipotenga mezani, mshenga mwenyewe alimeza mate.

Mzee Antipasi akaongoza sala. Halafu wote tukamtazama Kristina. Akasimama, akanawa, akakata tonge dogo la ugali, akachovya mchuzi, akanyofoa kipande cha kuku. Aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Akaweka mdomoni. Akatafuna. Bibi Anastasia amekaza shingo, hapepesi macho. Kristina akameza, akatabasamu, akafungua mdomo aseme karibuni.

Karibuni haikutoka. Macho yakamtoka, akaziba mdomo kwa kanga, akakimbia mlangoni, na hakuufikia mtaro wa nje. Alitapikia maua yake mwenyewe, pale kizingitini, wageni wote wanaona, na sauti yake akaisikia mpaka dereva aliyebaki kwenye Noah.

Bibi Anastasia akaisukuma sahani yake kwa kidole kimoja.

"Simameni," akasema.

Shangazi wawili walikuwa wamesimama tayari. Mmoja alikuwa ameonja maziwa kabla ya wakati wake, akaanza kulia na kujishika koo. Mzee Mathayo akasema kwa sauti ya chini, "Sisi tulikuja kwa wema." Gasto, mtoto wangu, alisimama katikati ya sebule amekauka. Ndiyo, nilisema wifi nitamsema, lakini ule uso wa Gasto sitausahau. Ni kama Dina mwenyewe alikuwa anatoka mlango ule pamoja na hao wageni, na wote tulikuwa tunamwona akitoka.

Na mimi nimeapa! Mdomo wangu haujawahi kuteswa hivyo tangu nizaliwe. Nilishika meza kwa mikono miwili.

Kaka yangu, Mungu ambariki, akaona aokoe jahazi. "Jamani, kaeni," akasema. "Labda... labda ni mimba!"

Bibi Anastasia akageuka polepole. "Mimba? Huyu anayekaribia kuitwa bibi?"

"Mambo ya Mungu," kaka akasema, na sauti ikamwishia njiani.

Hapo ndipo Kristina akarudi ndani. Kanga imelowa, macho mekundu, ameshika ukuta. Angeweza kwenda chumbani akajifungia, na Kristina yule wa maji ya limao angefanya hivyo. Akamtazama Gasto. Halafu akaja akapiga goti mbele ya bibi, kwa lile gauni lake.

"Bibi, chakula hakina kitu. Kibaya kiko kwangu. Ninajichoma sindano ya kupunguza mwili. Inaondoa njaa. Nimejichoma nyingi mno, sasa kila kitu kinarudi."

Mshenga akakuna kichwa. Bibi Anastasia akainama akamsogezea sikio.

"Sindano ya kufanya nini?"

"Ya kuondoa njaa, bibi."

"Umeipata wapi hiyo?"

"Nimenunua."

Bibi akanyanyuka kwenye kiti, akawatazama watu wake mmoja mmoja, kama anauliza nani kati yao ana akili timamu. "Mathayo, unamsikia? Mimi nimewazika watoto wawili mwaka wa njaa. Tulichimba mizizi, tulipika majani ambayo mbuzi anayakataa. Njaa tulikuwa nayo ya bure, ya kugawa. Huyu anasema amelipa pesa ili asiisikie, na chakula kiko mezani. Huo si uongo wa kumdanganya mtu mzima. Twendeni."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: ukweli umesemwa, na ndio hauaminiki. Lakini sasa Kristina alikuwa amesema kwa mdomo wake, na mimi kiapo kilikuwa kimenifunguka. Nilikwenda kwenye friji, nikatupa kabichi pembeni, nikaja na boksi lote nikaliweka kwenye mapaja ya Mzee Mathayo. Alishika kalamu moja, akaigeuza, akaitikisa sikioni. "Kweli kuna dawa humu," akasema. Kaka yangu naye akaichukua, akaitazama muda mrefu.

"Kwa hiyo si mimi?" akamuuliza mkewe. "Si harufu yangu?"

"Si wewe, Baba Gasto. Hata kidogo."

Kaka akakaa chini akajifuta uso kwa kofia yake. Ningependa nitulie hapo nimwonee huruma, lakini bibi alikuwa anaelekea mlangoni.

"Bibi," nikamwita. "Chakula hiki nimepika mimi. Kama kina sumu, nife mimi."

Nikavuta kiti. Si kile cha plastiki, nilichagua cha mbao. Nikavuta sahani ileile aliyoisukuma bibi, nikakata tonge. Nakuambia nilikula. Nilikula ugali, nikala mlenda, nikala paja, nikala kidari, nikavunja mfupa nikafyonza. Watu wote wananiangalia nikitafuna, wanangoja nianguke. Yule shangazi wa maziwa aliacha kulia ili aone vizuri. Nilipomaliza nikalamba vidole, nikanywa bilauri ya mgando, nikasogeza sahani.

"Wifi," nikamwambia Kristina, "nipe na ile firigisi, maana naona wenyewe hawaitaki."

Mzee Mathayo ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka mpaka kofia ikadondoka, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana upara. Firigisi ilikuwa ya kwake kwa heshima, akaitia mdomoni haraka kabla sijainyakua. Shangazi wakakaa. Bibi Anastasia alisimama kidogo tena, ananihesabu pumzi, halafu akarudi kwenye kiti chake, akanawa, akala. Alikula vizuri kwa mtu wa meno machache.

Nikasema tumepona. Gasto alikuwa ameanza kupumua. Lakini bibi alipomaliza kunawa, hakuanza kusifia nyumba kama desturi. Akamwita Kristina aje akae karibu naye, kwenye stuli.

"Mama Gasto. Sumu nimeamini hakuna. Sasa nina swali lingine, na hili ndilo kubwa."

"Ndiyo, bibi."

"Mtoto wangu atakuja hapa mgeni. Mtoto wa kike ugenini hasemi nina njaa. Atasema nimeshiba mpaka azimie. Mimi nilipoolewa, mama mkwe wangu alikuwa ananitazama tu machoni, anajua, ananisogezea sufuria, kwa sababu na yeye njaa alikuwa anaijua. Wewe umejitoa njaa kwa sindano. Sasa niambie. Mwanangu akiwa na njaa, utajuaje?"

Nilikuwa na maneno ya utani tayari, nikayameza. Kristina akaanza kulia, si kile kilio cha kiti cha plastiki cha kujificha, alilia mbele ya wakwe zake, mabega yanapanda na kushuka.

"Sitajua," akasema. "Hata yangu siijui tena. Wiki iliyopita nilimpikia Baba Gasto nikasahau kumpakulia, nikalala. Nilisahau kama watu wanakula. Bibi, nilitaka magoti yasiniume. Na nilitaka wasinicheke. Lakini naogopa, usiku moyo unanienda mbio na sina wa kumwambia, kwa sababu nimewaambia wote ni maji ya limao."

Bibi alimwacha alie. Alitoa kitambaa chake kwenye mkunjo wa kanga, akakinusa kwanza kuona kama ni kisafi, akampa.

"Mwili wako ni wako," akasema. "Punguza, ongeza, mimi si mwenye nao. Ila kamwone daktari kama watu. Na niahidi jambo moja mbele ya hawa. Mwanangu atakapokaa kula, na wewe utakaa. Ule, usile, utakaa naye mpaka amalize. Macho yako yafanye kazi ambayo tumbo limeacha."

"Naahidi."

"Haya. Nyumba tumeiona." Akageuka kwangu. "Na wewe mnene, usihame hapa jirani."

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe hospitali, kwa sababu sikumwamini. Daktari, kijana mpole, alimpima kila kitu ambacho kingepimwa kabla. Hakumgombeza sana, alimgombeza kiasi. Akasema dawa yenyewe si adui, kuna watu inawasaidia kweli, lakini haichomwi kwa kufuata gauni, na kipimo kinapandishwa taratibu, na damu inaangaliwa, na mtu lazima ale hata kama hasikii kula, la sivyo mwili unajila wenyewe. Zile kalamu za kwenye simu akazichukua, hakuna aliyejua zimetunzwaje njiani. Akamwambia apumzike kabisa kwanza, tumbo litulie, ndipo waangalie kama ipo haja ya kuanza upya.

Jumapili iliyofuata Kristina akasimama mbele ya umoja wa wanawake akasema, "Yale ya maji ya limao nilidanganya." Wakacheka, halafu watatu wakamfuata nje pembeni mmoja mmoja, kila mmoja na boksi lake kwenye friji. Akawapeleka kwa daktari yuleyule. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, na safari hii sikukohoa.

Harusi ikafungwa alizeti ikiwa imevunwa, na Dina akahamia upande wa pili wa barabara, kwa wakwe zake. Njaa ya Kristina ilikuwa inarudi kwa kuvizia, leo ipo kesho haipo, na vyakula vingine bado vilikuwa vinamchafua. Lakini ahadi aliitimiza. Kila Dina alipokaa kula, alikaa naye, anamtazama mikono. "Ongeza," anamwambia. "Hujashiba wewe, usinidanganye, nilishawahi kuwa bingwa wa kudanganya."

Juzi asubuhi nilivuka kwenda kuomba chumvi. Niliwakuta jikoni, hawakuniona. Kristina amekaa kwenye stuli, mkono tumboni, amegeuza uso ukutani. Mbele yake kuna bakuli la uji wa uwele ambalo hajaligusa. Dina amechuchumaa chini, bado na kanga ya kulalia. Akachota kijiko, akakipuliza, akakitia mdomoni mwake yeye, akameza, akafungua mdomo aonekane hauna kitu.

"Nimeonja mimi kwanza, mama," akasema. "Hauna kitu. Sasa na wewe."

Kristina akageuka, akamtazama. Akafungua mdomo kama mtoto.

Nilirudi nyuma bila kupiga hodi. Chumvi niliinunua dukani, na chapati za siku ile wateja walisema zimezidi chumvi, nikawaambia wale tu, wanyamaze.